Mbio za kutafuta sili ya Kombi kuukuu jijini Nairobi

Ukiteremka kutoka River Road kuelekea mtoni, pua yako itakuarifu kwamba umefika Kirinyaga Road kabla macho hayajasoma kibao chochote. Harufu ya oili iliyoungua, ya mpira mpya, ya rangi ya kupuliza na ya chapati zinazogeuzwa hatua mbili tu kutoka kwa gari lililofunguliwa boneti, zote hukupokea kwa pamoja.

Wazee wa Nairobi wangali wanapaita Grogan, jina la yule Mwingereza Ewart Grogan aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo, safari aliyoanza mwaka wa 1898 na kuikamilisha 1900. Jina la barabara lilibadilishwa, lakini ulimi wa mjini ni mgumu kufundishwa upya. Hata utani wa zamani haujafa: ukiamka na kukuta gari lako halina kioo cha pembeni, jirani atakushauri uende Grogan ukakinunue tena.

Humo ndimo nilimojitosa Jumamosi moja asubuhi, ndugu msomaji, nikiwa nimeshika kipande cha mpira mweusi nilichokifunga kwa gazeti. Kilikuwa sili ya injini ya Kombi ya baba. Nilikuwa na siku nane za kupata nyingine, la sivyo Kombi ingepimwa kwa mizani na kuuzwa kama vyuma chakavu.

Gari lililotulea

Baba alikuwa dereva wa watalii. Mwaka wa 1986 mwajiri wake alipoamua kuuza magari yaliyochoka, yeye alitumia akiba yake yote kununua Kombi moja ya mwaka wa 1974, ile ya 1600, yenye paa linaloinuka. Kwa msaada wa seremala wa Limuru aliitia kitanda cha kukunja, kabati dogo na mahali pa kuweka jiko la gesi.

Hakuwa amebuni jambo geni. Kombi yenyewe ilitokana na mchoro wa haraka uliochorwa mwaka wa 1947 na Mholanzi Ben Pon, na Volkswagen ikaanza kuitengeneza Ujerumani mwaka wa 1950. Mwaka uliofuata, kampuni ya Westfalia ilikuwa tayari inazigeuza Kombi kuwa vyumba vya kulala vyenye magurudumu. Baba alikuwa hajasikia habari za Westfalia. Alichojua ni kwamba ana watoto wanne na hana pesa za hoteli.

Hivyo ndivyo tulivyoiona nchi yetu. Tulilala ndani ya Kombi hiyo Naivasha, Nakuru na Nyahururu, wawili juu chini ya paa la turubai na wawili chini, wazazi wakiwa hemani. Mlio wake wa kutatarika tulikuwa tukiutambua kutoka mbali, maana injini ya Kombi hiyo haina maji wala rediata. Hupozwa kwa hewa inayosukumwa na feni.

Lakini uzee hauna dawa. Miaka sita iliyopita ilianza kuvuja oili. Kisha klachi ikaanza kuteleza kwenye vilima. Injini inanguruma, gari haliendi. Baba akaiegesha chini ya mkaratusi, na kuku wakahamia.

Mapema mwaka huu ndugu zangu waliitisha kikao. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameahidi shilingi 45,000, na lori lake lingefika baada ya wiki mbili. Makanika mmoja alikuwa ameshauri injini itolewe, iwekwe ya gari la Kijapani, kwa shilingi 180,000. Hakuna aliyekuwa na pesa hizo. Baba hakusema neno. Alisimama, akaenda nje, akaanza kupangusa kioo cha mbele cha gari ambalo halikuwa limesogea kwa miaka sita.

Mimi ni mtoto wa tatu, tena msichana, na katika mambo ya magari sikuwa nimewahi kuulizwa maoni. Siku hiyo niliyatoa bila kuulizwa. Nikaomba nipewe hizo wiki mbili.

Gazeti chini ya injini

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba anayekimbilia dukani kabla ya kujua mahali panapovuja atanunua spea za gari zima na gari litaendelea kuvuja.

Nilimtafuta mzee mmoja mjini Limuru ambaye alitengeneza Volkswagen tangu ujana wake na sasa hufuga mbuzi. Alikuja Jumanne na mkoba wa spana. Hakufungua chochote. Aliagiza tuioshe injini kwa mafuta ya taa na brashi hadi ing'ae, tukaijaza oili mpya lita mbili na nusu, kisha akaniambia, "Mwanangu, si wewe ni mtu wa magazeti? Leta gazeti."

Tulitandaza kurasa chini ya injini, akaiwasha kwa dakika kumi. Tulipozima, ukurasa wa michezo ulikuwa umeandikwa upya.

Kulikuwa na matone chini ya pande zote mbili za injini. Hayo, alieleza mzee, ni ya mirija ya pushrodi. Injini hiyo ina mirija minane, na kila mrija una sili kila upande. Jumla yake ni sili 16. Joto la miaka mingi huzikausha mpaka zikawa kama ganda la mti.

Ila doa kubwa kuliko yote lilikuwa mahali injini inapoungana na giaboksi. Mzee alichovya kidole, akanusa. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Hii haikuwa na harufu hiyo. Basi ilikuwa oili ya injini, inayopenya kwenye sili kubwa nyuma ya lile gurudumu zito, flaiwili. Kutoka hapo ilikuwa ikirukia sahani ya klachi. Klachi haikuwa imeisha, ilikuwa imelowa.

"Na hili?" akauliza, akichomoa bomba la mpira linaloipumulia injini. Lilikuwa limeziba kwa tope na uchafu ulioganda. Injini isiyopumua husukuma oili kupitia popote penye udhaifu, na hata sili mpya haistahimili msukumo huo. Kulisafisha bomba hilo hakukutugharimu hata senti.

Kesho yake injini ilitolewa. Kombi ina wema wake: injini iko nyuma, na imeshikiliwa kwenye giaboksi kwa boliti nne tu, pamoja na mhimili wa nyuma kwa magari ya miaka hiyo. Wanaume wawili na jeki yenye magurudumu waliimaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Kilichowatoa jasho ni nati ya katikati ya flaiwili, ya milimita 36, ambayo hukazwa kwa nguvu isiyo ya kawaida. Walitumia bomba la chuma la mita mbili kurefusha spana, na ndugu yangu mkubwa, yule yule aliyeitisha kikao, akalining'inia.

Mabroka wa Kirinyaga Road

Sasa turudi Kirinyaga Road, Jumamosi ile.

Ukifika huko umevaa kama mtu wa ofisini na ukiwa mwanamke, jitayarishe. Sikuwa nimepiga hatua kumi kabla ya vijana watatu kunizunguka. "Karibu madam! Unatafuta nini? Vitz? Probox?" Nilipotaja Kombi mmoja alicheka. Mwingine hakucheka, alininyang'anya sili yangu kwa upole, akaniambia nisubiri, akayoyoma nayo.

Usimpe mtu sampuli yako, ndugu msomaji. Sampuli ikipotea, umepotea nayo. Nilimfuata mbio kati ya mikokoteni hadi duka la tatu, nikamkuta akiipachika juu ya sili moja baada ya nyingine. "Hii hapa inafanana!" Ilifanana, naam, jinsi mapacha wasio wa mama mmoja wanavyofanana. Ilikuwa nyembamba zaidi.

Duka jingine waliniambia sili moja peke yake haiuzwi. Ninunue seti nzima ya gasketi na sili za injini kwa shilingi 11,500, tena ya kuagiza, nilipe nusu kwanza nisubiri wiki tatu. Wiki tatu sikuwa nazo.

Aliyenichekesha zaidi ni broka wa mwisho. Huyu alikuwa na sili mbili mpya ndani ya pakiti inayong'aa. "Madam, krankshafti ina sili ya mbele na ya nyuma. Nakupa zote mbili kwa elfu tatu."

Ningelipa, laiti yule mzee wa Limuru asingalikuwa amenionya. Injini ya Kombi ya 1600 ilivyotoka kiwandani haina sili upande wa puli. Kuna kisahani cha kurusha oili na mfuo uliochongwa kama wa parafujo kwenye shingo ya puli, ambao huirudisha oili ndani kadiri puli inavyozunguka. Nilimuuliza yule kijana ile sili ya pili ingewekwa wapi. Alinitazama kwa muda, akacheka kicheko cha mtu aliyeshikwa, kisha akanionyesha kwa kidole duka dogo upande wa pili wa barabara. "Nenda kwa yule mzee. Yeye anajua vitu vya zamani."

Namba haidanganyi

Duka lenyewe lilikuwa na upana wa mlango na urefu wa basi. Nyuma ya meza kulikuwa na mzee wa asili ya Kihindi, miwani puani, akinywa chai kwenye gilasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna mwingine alikuwa amelifanya tangu asubuhi.

"Binti yangu," akasema, "umekuwa ukiuliza sili ya Kombi siku nzima. Ndiyo maana hukupata. Uliza sili ya Beetle."

Hapo ndipo macho yalinifunguka. Kombi za miaka ya 1970 zilikuja na injini za jamii mbili. Kuna ile ndogo ya 1600, ambayo ni ya ukoo wa Beetle, na kuna zile kubwa za 1700, 1800 na 2000, ambazo sili zake ni nyingine. Utazitofautisha kwa kutazama feni: kwenye 1600 imesimama juu, ndani ya nyumba yake ya bati, kwenye zile kubwa iko chini, kwenye ncha ya krankshafti.

Mzee alichukua kalamu, akaniandikia namba: 113 105 245. Akaeleza kwamba namba za spea za Kombi aghalabu huanza na 211, ilhali zinazoanza na 111 au 113 ni za Beetle. Sili ninayoitafuta imo ndani ya Kombi, lakini jina lake la ubatizo ni la Beetle.

Na Beetle, tukumbuke, si gari la wachache. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 kabla ya ile ya mwisho kutoka kiwandani Puebla, Mexico, mwezi wa Julai 2003. Hapa kwetu gari hilo lilishinda mashindano ya Safari mwaka wa 1954, 1957 na 1962. Nako Brazil, Kombi yenyewe iliendelea kutengenezwa hadi mwisho wa 2013, na hadi 2005 bado ilikuwa na injini ya kupozwa kwa hewa. Kwa sababu hiyo sili hizo bado zinatengenezwa, na kwa sababu hiyo hazistahili kuuzwa kwa bei ya dhahabu. Mwenye kuuliza "sili ya Kombi ya zamani" hutozwa bei ya kitu adimu. Mwenye kutaja namba hutozwa bei ya mpira.

Mzee alikuwa na sili 16 za mirija, akanipa kwa shilingi 1,200, pamoja na gasketi mbili za kizibo cha valvu kwa 500. Sili kubwa hakuwa nayo. Akanishauri niende Industrial Area kwenye maduka ya beringi. "Lakini usiende na sili ya zamani peke yake. Imekauka, imepinda, itadanganya. Nenda na flaiwili."

Flaiwili ndani ya gunia

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikapanda matatu ya Limuru nikiwa na gunia mapajani. Ndani yake mlikuwa na flaiwili, kilo zipatazo nane. Kondakta alitaka kuitoza nauli. Tulielewana nilipomwambia ni mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Maduka ya beringi ya Industrial Area hayana kelele za Kirinyaga Road. Hapa hakuna anayekuuliza gari lako ni la aina gani, huuliza vipimo. Sili yoyote ya mviringo hutambulishwa kwa namba tatu za milimita: upana wa tundu la ndani, upana wa nje, na unene. Ukiona 40-62-10, mathalan, maana yake ni shafti ya milimita 40, tundu la 62 na unene wa 10. Sili ya trekta, ya pampu ya maji ama ya mashine ya kusaga mahindi inaweza kuwa ndugu wa toka nitoke na ya gari lako, na wewe hujui.

Msichana wa kaunta alipima shingo ya flaiwili kwa kalipa. Vipimo vya tundu la injini nilikuwa navyo. Mzee wa Limuru alivipima na kuviandika kwenye kipande cha katoni. Akaingia ndani, akarudi na sili mbili za kipimo kimoja: nyeusi ya shilingi 350 na ya kahawia ya 850.

Mkono wangu ulikwenda kwenye ya 350 wenyewe. Nani hapendi rahisi? Lakini msichana yule alinieleza jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue. Ile nyeusi ilikuwa ya mpira wa naitrili, ambao huanza kuteseka joto likipita nyuzi 100 na kitu. Ile ya kahawia ilikuwa ya Viton, inayostahimili hadi karibu nyuzi 200. Kwa pampu ya maji, naitrili yatosha kabisa. Kwa injini isiyo na maji ya kuipoza, inayopanda mlima wa Mai Mahiu mchana wa jua, tofauti ya shilingi 500 ni ndogo kuliko gharama ya kuitoa injini tena.

Usidanganywe na rangi, alionya. Rangi inaweza kutiwa. Soma maandishi ya mtengenezaji, na ubonyeze mdomo wa sili kwa ukucha. Mpira mzuri hurudi mahali pake mara moja. Uliokaa rafuni miaka mingi hubaki na alama ama hupasuka.

Kabla ya kufunga gunia aliniuliza, "Na ringi ya ndani unayo?" Sikuwa nayo, wala sikujua ipo. Ndani ya flaiwili mna mfuo mwembamba wenye ringi ya mpira inayozuia oili kupenya katikati, kando ya nati. Wengi huisahau, kisha huilaumu sili mpya. Bei yake: shilingi 100.

Halafu akapitisha kidole kwenye shingo ya flaiwili, akanionyesha mkwaruzo uliokuwa umeizunguka kama pete. Sili ngumu ilikuwa imekula chuma kwa miaka hiyo yote. Sili mpya ikikaa juu ya mfuo huo itavuja siku ya kwanza. Kwa hivyo nilipanda matatu nyingine hadi Kariobangi Light Industries.

Ikiwa hujafika Kariobangi, mpeleke mwanao siku moja, hasa yule anayelalamika kwamba hesabu haina faida. Utaona vijana wakichonga chuma kwa leli huku wakisoma vipimo vya sehemu ya mia ya milimita kama wewe unavyosoma saa. Fundi aliyeipokea flaiwili yangu aliutazama mkwaruzo, akasema si wa kutisha. Aliusugua kwa msasa laini mashine ikizunguka polepole, akanitoza shilingi 400. "Mwambie fundi wako asiipigilie sili mpaka mwisho wa pale ya zamani ilipokaa. Aiache nyuma kidogo, mdomo ukanyage mahali papya."

Siku ya kurudisha

Jumatano injini ilirudi mahali pake. Nilishuhudia yote, maana sasa hakuna aliyethubutu kunifukuza.

Mzee wa Limuru kwanza alipima mchezo wa krankshafti, yaani jinsi inavyosogea mbele na nyuma. Unatakiwa uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13, na hurekebishwa kwa vishimu vitatu vyembamba vya chuma. Krankshafti inayocheza ovyo huichosha sili upesi. Yetu ilikuwa sawa. Aliipaka sili oili, akaipanga upande wenye chemchemi ukielekea ndani kwenye oili, akaigonga polepole kwa kipande cha ubao, akizunguka duara, kamwe hakugonga upande mmoja.

Sili za mirija ndizo zilizochukua muda, kwa kuwa vichwa vya silinda lazima vitolewe. Kila mrija alivutwa urefu kidogo ili ubane vizuri, ukawekwa mshono wake ukitazama juu. Sahani ya klachi ilioshwa kwa petroli na kusuguliwa. Kwa bahati haikuwa imeharibika.

Hesabu yangu ya vifaa vyote ilikuwa shilingi 2,650, na kazi ya Kariobangi 400. Ongeza oili na ada ya mzee, bado hatukufika hata robo ya bei ya vyuma chakavu.

Alhamisi baba aliiwasha. Iligoma, ikakohoa, ikatoa wingu la moshi lililowafukuza kuku moja kwa moja, kisha ikaanza kutatarika. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakuna aliyezungumza. Ndugu yangu mkubwa alitandaza gazeti chini ya injini kabla sijamwomba.

Naivasha kwa mara nyingine

Jumamosi, siku moja kabla ya lori kufika, tulisafiri. Baba alishika usukani. Mama alikaa kando yake, mimi na watoto wangu wawili nyuma, pamoja na sufuria, mablanketi na lita mbili za oili za akiba, kwa kuwa imani bila tahadhari ni ujinga.

Tulishuka kwa barabara ya chini, ile ya Mai Mahiu. Kama hujaipita na watoto, panga uipite. Bonde la Ufa hufunguka ghafla upande wa kushoto, na mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776, husimama mbele yako na kinywa chake wazi. Tulisimama kwenye kile kikanisa kidogo kilichojengwa mwaka wa 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Watoto waliingia kuomba. Baba alilala chali chini ya Kombi na tochi. Naye alikuwa akiomba, nadhani.

Naivasha tulipata nafasi kando ya ziwa chini ya migunga. Paa liliinuliwa, turubai lilikuwa na matundu mawili niliyoyakumbuka tangu utotoni. Watoto wangu, ambao nyumbani hugombania simu, waligombania kulala juu. Usiku viboko walitoka majini kula nyasi, wakipumua kwa sauti nyuma ya uzio, na binti yangu akaniuliza kwa kunong'ona kama babu aliwahi kuwaona wakati mimi nilipokuwa mdogo. Nikamwambia amwulize babu mwenyewe. Walizungumza hadi nikapitiwa na usingizi.

Asubuhi ya Jumapili simu yangu ililia. Ni ndugu yangu. Lori lilikuwa limefika nyumbani, na mwenye lori alitaka kujua gari liko wapi.

"Mwambie limesafiri," nikamjibu.

Mtihani wa kweli ulikuwa kupanda tena. Tulikwenda polepole kwa gia ya pili, malori yakitupita, na klachi haikuteleza. Pale juu baba aliegesha, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa pale pale ilipokuwa Limuru.

Nyumbani tulitandaza gazeti kwa usiku mmoja. Asubuhi lilikuwa na tone moja, dogo kama punje ya mtama. Baba alilitazama kwa muda mrefu, akalikunja gazeti, akalitia mfukoni.

Basi ndugu msomaji, kama nawe una gari la kale chini ya mti na kila mtu anakuambia uliuze, hebu anza na gazeti. Jua mahali panapovuja. Andika namba. Pima kwa milimita, usipime kwa macho. Kisha shuka River Road hadi pua yako ikuambie umefika, na usimwachie mtu sampuli yako.